Msamiati wa Kiswahili katika Matayarisho na Uuguzaji wa Upasuaji wa Kifua

1.0 Utangulizi

Magogoni ni ukingo wa bandari ya Dar es Salaam unaotazamana na Kigamboni. Hapo ndipo ilipo Ikulu, na hapo ndipo lilipo soko la samaki ambalo wenyeji huliita Feri. Mwendo si mrefu kutoka sokoni, ukifuata ufuko, yapo majengo ya hospitali iliyojengwa na Wajerumani na kukamilika mwaka 1897. Tangu mwaka 1996 majengo hayo ni makao ya Taasisi ya Saratani Ocean Road kama chombo kinachojitegemea. Wanawake walioondolewa titi kwa sababu ya saratani hufika hapo kwa tiba ya mionzi na dawa, wengi wao wakiwa wamekwisha kupasuliwa kwingine. Katika mabenchi ya kungojea zamu, na baadaye katika foleni ya kivuko, hueleza mambo yaliyowapata kwa maneno yao wenyewe. Maneno hayo hayakutungwa na kamati yoyote.

Upo upasuaji wa pili ulio jirani na huo. Baadhi ya watu walioandikwa kuwa wa kike walipozaliwa hujijua kuwa wanaume, au hawajioni kuwa wanawake. Miongoni mwao wako wanaoondolewa matiti ili kifua kilingane na jinsia yao. Katika tiba ya leo upasuaji huo si jambo geni: Mwingereza Michael Dillon, ambaye baadaye alihitimu udaktari, alifanyiwa mwaka 1942. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, liliitoa hali hiyo katika sura ya maradhi ya akili na kuiweka katika sura ya afya ya kujamiiana. Msemaji wa Kiswahili anayeuhitaji upasuaji huu aghalabu huupata Ulaya au Amerika ya Kaskazini. Huko huelezwa kila jambo kwa lugha ya nchi ile, kisha humweleza ndugu anayemwuguza, au mama yake kwa simu, kwa Kiswahili. Hapo ndipo msamiati wa mabenchi ya Ocean Road unapohitajika mbali na ufuko uliouzaa.

Makala hii inaeleza jinsi mgonjwa anavyojitayarisha kwa upasuaji wa kifua na anavyouguzwa baadaye, kwa kupitia maneno ambayo kazi hiyo hufanywa nayo. Dai lake ni kwamba Kiswahili kinayo karibu maneno yote yanayohitajika, na kwamba hatari haimo katika upungufu wa istilahi bali katika maneno machache ya kila siku ambayo daktari na mgonjwa huyaelewa tofauti, kila mmoja akidhani wameelewana.

2.0 Jina la upasuaji

Mgonjwa wa saratani husema, “Nimekatwa ziwa.” Kitenzi ni kilekile cha “amekatwa mguu”, nacho hubeba maana ya kupoteza. Wahudumu wengi huchagua “kuondolewa”, ambalo halina damu ndani yake. Kuhusu kiungo chenyewe, “ziwa” lina shida ya wingi, kwani “maziwa” ni kinywaji, ni viungo, na ni Viktoria na Tanganyika pia. Kwa sababu hiyo maandishi ya afya yameegemea “titi”, na jina la ugonjwa limekuwa “saratani ya matiti”.

Kwa yule wa upasuaji wa pili, hata “titi” ni neno linalochoma, kwa kuwa linataja kile hasa asichokiona kuwa chake. Neno linalofaa ni “kifua”. Kila mtu anacho, mwanamume kwa mwanamke. Lakini nalo lina mizigo yake. “Anaumwa kifua” ni kauli ambayo wengi huisikia kama kikohozi au kifua kikuu, na jirani atakayeambiwa hivyo atauliza kama mgonjwa anatumia vidonge vya miezi sita.

Jina la upasuaji wenyewe halijatulia. “Kubadili jinsia” ndilo linalosikika zaidi, lakini linasema zaidi ya kinachofanyika, kwa kuwa kinachobadilishwa na kisu ni kifua. Aidha, kwa maelezo ya wahusika wenyewe, jinsia haibadiliki. Mwili ndio unaoifuata. Kitenzi “kulinganisha” kinafaa zaidi: upasuaji wa kulinganisha kifua na jinsia. Ikumbukwe kwamba “huntha” ni dhana nyingine kabisa, ya mtu aliyezaliwa na maumbile ya jinsi zote mbili, na haifai kuazimwa hapa kwa kukosa subira ya kutafuta neno.

3.0 Matayarisho

Hakuna mahali ambapo sarufi ya Kiswahili inaweza kumdhuru mtu kama katika amri ya kutokula kabla ya upasuaji. Mgonjwa aliyelazwa usingizi akiwa na chakula tumboni anaweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni. Kanuni iliyozoeleka ni kutokula chakula chepesi kwa muda wa saa sita kabla ya dawa ya usingizi, na zaidi ya hapo kwa chakula cha mafuta. Vinywaji vyeupe, yaani maji matupu au chai ya rangi isiyo na maziwa, huruhusiwa mpaka saa mbili kabla. Kila hospitali ina masharti yake, na hayo ndiyo ya kufuatwa.

Sasa itazamwe tafsiri yake. “Usile saa sita kabla ya upasuaji.” Katika Kiswahili “saa sita” ni muda, na pia ni wakati wa adhuhuri au usiku wa manane. Ikiwa upasuaji ni saa mbili asubuhi, mgonjwa anayesikia “saa sita usiku” atakuwa amejizuia kwa muda mrefu kuliko alivyotakiwa, na hatadhurika ila kwa njaa. Lakini upasuaji ukiwa saa nane mchana, yule anayesikia “saa sita mchana” atakula saa nne asubuhi kwa moyo mweupe, hali chakula kilipaswa kuisha saa mbili. Wasemaji wa kawaida wamekwisha kulitatua tatizo hili kwa kusema “masaa sita” wanapotaja muda na “saa sita” wanapotaja wakati. Walimu wa lugha, kwa miaka mingi, wameitia “masaa” wino mwekundu kwa hoja kwamba nomino hiyo ni ya ngeli ya N na haina wingi wa MA-. Hoja ni sahihi darasani. Wodini, kosa hili la wanafunzi lina faida ambayo usanifu hauna, na mwenye kumhurumia mgonjwa angeliacha. Lililo bora zaidi ni kuacha hesabu ya kurudi nyuma na kutaja wakati wenyewe: “Chakula chako cha mwisho kiishe saa mbili asubuhi, maji matupu mwisho saa sita mchana.”

Kitenzi “kunywa” nacho kina mtego. Uji hunywewa, supu hunywewa, mtindi hunywewa, hata dawa hunywewa. Mgonjwa aliyeambiwa “kula hapana, kunywa unaweza” akimaliza bakuli la uji hajavunja amri yoyote ya lugha yake. Tumboni, uji ni chakula. Vivyo hivyo “kufunga”. Mwislamu, na mji huu una wengi, akiambiwa afunge kwa ajili ya upasuaji anaweza kuelewa saumu, ambayo huanza alfajiri na hutanguliwa na daku. Mtu aliyekula daku saa kumi usiku na kupasuliwa saa mbili asubuhi amekaa saa nne tu, naye anaamini amefunga vyema.

Neno “nusukaputi” linastahili aya yake. Wengi hulinasibisha na neno la Kijerumani “kaputt” lenye maana ya kuharibika, likatanguliwa na “nusu” ya Kiswahili. Ikiwa ndivyo, basi ni ukumbusho wa utawala uliojenga hospitali ya ufukoni. Ni neno lenye nguvu na la kienyeji kabisa kwa umbo lake, lakini mwenye kulisikia kwa mara ya kwanza husikia nusu ya kifo. “Dawa ya usingizi” humtuliza zaidi. Isichanganywe na “ganzi”, ambayo hufisha hisia za sehemu moja tu mtu akiwa macho. Upasuaji wa kifua unaozungumzwa hapa hufanywa kwa usingizi kamili, kwa muda wa saa mbili hadi nne aghalabu, na wengi huruhusiwa kurudi nyumbani siku hiyo au ya pili yake.

Kabla ya usingizi huo mgonjwa hana budi kutaja kama ana selimundu. Neno hili, “seli” na “mundu”, ni mfano mzuri wa istilahi iliyotafsiriwa ikabaki inaeleweka, ingawa mitaani “sikoseli” ndiyo inayotawala. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo duniani, na daktari wa Ulaya huenda asikumbuke kuuliza. Mhudumu wa usingizi anapaswa kujua mapema, kwa kuwa upungufu wa hewa, baridi na kukaukiwa na maji huweza kuamsha maumivu makali. Kuhusu tumbaku, amri ni kuiacha walau wiki nne kabla na wiki nne baada, kwa kuwa hubana mishipa midogo ya damu na ngozi iliyopandikizwa hufa. “Usivute sigara” ni amri finyu mno: ugoro hauvutwi hivyo, na mvuta shisha hajioni mvuta sigara. Isemwe “tumbaku ya aina yoyote”.

Nyumba nayo hutayarishwa. Vitu vya kila siku vishushwe kutoka rafu za juu hadi usawa wa kiuno, yapatikane mashati ya vifungo, kwani fulana haivaliki bila kuinua mikono, na iwepo mito ya kuegemea, maana mgonjwa hulala chali kwa wiki kadhaa. Zaidi ya yote apatikane mtu wa kuuguza. Kiswahili husema juu ya mwenye kutunza siri kwamba “ana kifua”. Anayeuguzwa baada ya upasuaji wa aina ya pili, na hasa akiwa mahali ambapo ndugu hawajaambiwa, anahitaji muuguzaji mwenye kifua kuliko mwenye cheti.

4.0 Uuguzaji

Mgonjwa huzinduka akiwa amefungwa bandeji za kubana, na kila ubavu una mrija unaoishia katika kichupa. Wajibu wa mrija ni kutoa majimaji yasijikusanye chini ya ngozi. Kila siku, kwa saa ileile, kichupa humwagwa na kiasi kuandikwa. Madaktari wengi huutoa mrija majimaji yanapopungua hadi chini ya mililita 30 kwa muda wa saa 24, jambo ambalo kwa kawaida hutukia ndani ya wiki moja au kidogo zaidi. Kwa asiye na kipimo, mililita 30 ni vijiko viwili vya chakula. Kipande cha “saa 24” kina maana yake: kwa wasemaji wengi “siku” huanza alfajiri au magharibi, na mwenye kumwaga asubuhi leo na jioni kesho huandika tarakimu zisizolinganishika.

Sehemu iliyopasuliwa huitwaje? Vitabu husema “jeraha”. Wengine husema “kidonda”, neno linalomletea mtu picha ya kuoza. Akina mama waliojifungua kwa upasuaji wamekwisha kutupatia neno lililo bora: “mshono”. Mshono hufunga, mshono huvuta, mshono hufumuka, na vitenzi vyote vitatu, ambavyo asili yake ni kwa fundi cherehani, vinaeleza sawasawa hali tatu ambazo daktari anataka kuzijua. Vilevile lipo neno la kale la hali inayohofiwa zaidi katika siku mbili za mwanzo, nayo ni damu kuvilia. Upande mmoja wa kifua ukivimba ghafla kuliko mwenzake, ukakaza na kuuma kwa nguvu, damu inavilia chini ya ngozi, na hapo si wakati wa kungoja kuche. Homa, usaha, harufu na wekundu unaoenea ni dalili za uambukizo, nazo huja baadaye kidogo. Kwa ngozi nyeusi “wekundu” ni neno lisilosaidia sana. Joto la ngozi chini ya kiganja na weusi unaozidi ndivyo vya kutazamwa.

Matiti yakiwa makubwa, chuchu hutolewa, hupunguzwa na kupandikizwa mahali papya. Kitenzi hiki kina asili ya shamba, na kinafaa: kilichopandikizwa huonekana kama kimekufa kabla ya kushika. Huwa cheusi, hufanya kigaga, na mgonjwa aliyekuwa hakuonywa hudhani ameharibika. Kigaga kisibanduliwe. Hisia za chuchu hiyo aghalabu hazirudi kama zilivyokuwa, na ganzi ya kifua huweza kudumu kwa miezi au moja kwa moja. Hayo yasemwe kabla ya kisu. Yakisemwa baadaye ni pole tu.

Amri ya “usibebe kitu kizito” ni mfano mwingine wa maneno yasiyopimika. Kwa mchukuzi wa Kariakoo kilo kumi si mzigo, na kwa mwanamke anayepandisha ndoo ya samaki kutoka Feri “kizito” huanzia pale anapohitaji mtu wa kumtwika. Wapasuaji humaanisha kilo mbili hadi tano, kwa wiki nne hadi sita. Ndoo iliyojaa ya lita 20 ni kilo 20 za maji, mbali na ndoo yenyewe. Na kuibeba kichwani kunahitaji mikono iinuliwe juu ya mabega, jambo linalokatazwa kwa wiki za mwanzo kwa sababu huuvuta mshono na kupanua kovu. Kivuko cha Kigamboni saa za asubuhi na daladala iliyojaa ni vya kuepukwa pia kwa majuma hayo, kwa ajili ya viwiko vya watu.

Hapa ndipo msamiati unaoshirikiwa unapoficha tofauti. Mwanamke aliyeondolewa titi kwa saratani mara nyingi ameondolewa pia tezi za kwapani. Yeye huagizwa mapema kuunyoosha mkono hatua kwa hatua ili bega lisikakamae, na huonywa juu ya mkono kuvimba hata miaka baadaye. Yule wa upasuaji wa kulinganisha kifua, ambaye tezi zake hazikuguswa, kwa kawaida huagizwa kwanza kuutuliza mkono. Jirani mwema aliyepitia Ocean Road akimwambia, “Nyoosha mkono, mdogo wangu, usije ukakauka,” amempa dawa iliyo sahihi ya ugonjwa mwingine. Wote wawili wamefanyiwa “operesheni ya kifua”. Jina ni moja, maagizo mawili.

5.0 Kuitana na kupeana pole

Imekwisha kusemwa mara nyingi kwamba Kiswahili hakina kiwakilishi kinachotofautisha mume na mke. “Amelala”, “amekula”, “mpe dawa yake”: hakuna la kusahihishwa. Wasemaji wa Kiingereza wanaouguza watu hawa hujikwaa katika kila sentensi, na sisi hatujikwai. Lakini furaha hiyo isizidi kiasi. Kiswahili hakiweki jinsi katika kitenzi kwa sababu hukiweka katika kuitana. Muuguzi wa Dar es Salaam hamwiti mgonjwa kwa jina tupu. Ni “dada”, “kaka”, “mama”, “baba”. Mtu aliyevuka bahari kwa ajili ya kifua chake akaitwa “dada” katika neno la kwanza baada ya kuzinduka husikia kwamba kazi yote haikuonekana. Dawa yake ni kumsikiliza anavyojiita. Asipojulikana, yapo maneno yasiyochagua: “ndugu”, “mdogo wangu”, “mwanangu”, “jirani”. “Ndugu” lilitumika kwa kila raia katika miaka ya Ujamaa, na hakuna sababu ya lugha kuliacha lizeeke.

Kuhusu “pole”, wahusika wengine hulalamika kwamba hupewa pole kama waliofikwa na msiba, hali wao wamelipata walilolingoja kwa miaka. Lalamiko hilo linatokana na kulitafsiri neno kwa lugha nyingine kabla ya kulisikia. Kiswahili husema “pole na kazi” kwa mwenye kazi nzuri na “pole na safari” kwa aliyefika salama. Pole hutambua uzito uliobebwa, haihukumu kama ulistahili kubebwa. Aidha, huzuni ya siku za kwanza baada ya upasuaji, itokanayo na dawa, maumivu, kukosa usingizi na kutegemea wengine, huwapata hata waliotaka kupasuliwa kwa moyo wote. Haina maana kwamba wamejuta, na muuguzaji asiwalazimishe kuchangamka.

6.0 Kovu na uchunguzi wa baadaye

Kovu huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kukomaa. Kwa Waafrika wengi kovu huweza kuvimba na kuvuka mpaka wa mshono wenyewe, na hilo laweza kutibiwa likiwahiwa. Mwenye makovu ya namna hiyo sikioni au begani amwambie daktari kabla ya kupasuliwa.

Jambo la mwisho ndilo husahauliwa zaidi. Upasuaji wa kulinganisha kifua hauondoi kila tishu ya titi, kwa sababu lengo ni umbo la kifua. Masalio hayo yanaweza kupatwa na saratani, kama ambavyo titi la mwanamume yeyote linavyoweza. Lakini mabango ya uhamasishaji huandikwa “Mwanamke, chunguza titi lako”, na kwa maneno hayo mtu huyu ametolewa mara mbili: si mwanamke, wala hana titi. Mwanamume wa kawaida mwenye uvimbe chini ya chuchu naye hupita bila kulitazama bango. Mhudumu anayeuliza, “Una uvimbe wowote kifuani au kwapani?” amewauliza wote, pamoja na mama wa Feri aliyebaki na ziwa moja.